Hanyolewi, Hunyonyolewa

Mbwa mwenye manyoya ya waya hanyolewi, hunyonyolewa. Wengi wanaonunua mtoto wa teria huijua kanuni hiyo wakiwa wamechelewa. Wameshampeleka mbwa kwa kinyozi, mashine imepita mgongoni mara tano sita, kazi imekwisha upesi na mbwa ametoka nadhifu. Miezi inapita, ananyolewa tena, na tena. Kisha siku moja wanatazama picha ya zamani na kushangaa. Mgongo uliokuwa mweusi ti umekuwa wa kijivu. Miguu iliyokuwa na rangi ya kahawia iliyokolea imepauka. Manyoya yaliyokuwa makavu na magumu yamelegea, yanajikunja, yanashika matope na kuchelewa kukauka. Mbwa hakuugua wala hakuzeeka. Amenyang'anywa manyoya yake ya asili, na aliyemnyang'anya alidhani anamsaidia.

Njia nyingine ipo, nayo ni ya kale, ya polepole na ya gharama: kuyang'oa manyoya yaliyokufa kwa mkono, machache machache, na kuyaacha yaliyo hai. Naistahi kazi hiyo kwa sababu ubora wake wote unategemea jambo moja, yaani kujua kipi kimeiva na kipi bado. Msomaji wa pwani, ambaye dini na malezi vimemzoesha kukaa mbali na mbwa, naye anaweza kuusifu mkono bila kumgusa mnyama.

Teria ni mbwa wa visiwa vya Uingereza, na wengi wamebaki na majina ya kwao. Kuna Airedale wa bonde la mto Aire huko Yorkshire, Lakeland wa nchi ya maziwa na milima kaskazini-magharibi, Border wa mpakani na Scotland, Welsh wa Wales, Scottish wa Scotland kwenyewe. Kuna na foksi teria wa manyoya ya waya, mweupe mwenye mabaka meusi na ya kahawia. Huyo hata asiyewahi kumwona ana kwa ana huenda amemwona kitabuni: Milou, mbwa wa Tintin katika katuni za Mbelgiji Hergé zilizoanza kuchapishwa mwaka 1929, ni wa ukoo huo, ingawa mchoraji hakumpa baka hata moja.

Wote hao walifugwa kwa kazi. Mbweha akijichimbia shimoni, teria alimfuata. Fisi maji akiwamaliza samaki mtoni, panya wakizidi ghalani, aliyeitwa ni yeye. Kazi hiyo ilikuwa ya kuingia mashimo membamba, kupenya vichaka vya miiba na kuogelea katika mito ya baridi, na mbwa mwenye manyoya laini asingeiweza kwa muda mrefu. Manyoya laini hunasa miiba, hubeba matope na hulowa hadi ngozini. Ya waya hayalowi upesi, matope yakikauka juu yake hupukutika, na jino la mbweha likitafuta ngozi hukuta kizuizi kwanza. Padri John Russell wa Devon, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki mwaka 1883, alikuwa bado mwanafunzi wa Oxford alipomnunua jike mmoja mweupe aliyeitwa Trump. Jike huyo, ambaye manyoya yake yalisifiwa kwa kuwa mazito, yaliyolala mwilini na yenye ugumu kidogo, ndiye anayehesabiwa kuwa bibi wa teria wanaoitwa kwa jina la padri huyo hadi leo. Mwindaji wa zama zile alichagua manyoya kama alivyochagua meno na miguu, kwa kuangalia yatafaa nini kazini.

Manyoya ya waya yana tabaka mbili. Ndani kuna manyoya mafupi na laini yanayoshika joto. Juu yake kuna marefu, magumu, yanayozuia maji na miiba. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya kati ya mbwa wa aina zilizosajiliwa inatokana na jeni tatu tu. FGF5 huhusika na urefu, KRT71 na kujikunja, na RSPO2 ndiyo inayoleta manyoya ya waya pamoja na ndevu na nyusi ndefu. Airedale ana badiliko la RSPO2 na la KRT71 kwa pamoja, ndiyo maana manyoya yake ni magumu na yana mawimbi. Utafiti huo ulithibitisha jambo ambalo mafundi walilizoea siku zote: ndevu na mgongo wa waya huja pamoja.

Chukua unyoya mmoja uliong'olewa mgongoni mwa Airedale, uulaze juu ya karatasi nyeupe. Nchani ni mweusi, mnene na mgumu. Ukiubonyeza kwa ukucha unarudi mahali pake. Ukishuka kuelekea shinani unazidi kuwa mwembamba. Rangi inafifia, nyeusi inakuwa ya kijivu, kijivu inakaribia kuwa nyeupe. Mwisho wake, pale uliposhikwa na ngozi, ni mwembamba na dhaifu. Uzuri wote wa mbwa huyu, rangi yake na ugumu wake, umekaa katika sehemu ya juu ya unyoya. Mashine ya kunyolea huikata sehemu hiyo na kuiangusha sakafuni, ikabakisha shina lisilo na rangi wala nguvu. Fundi anayenyonyoa hutoa unyoya wote, ili mwingine uchipuke kutoka kwenye kitundu kile kile ukitanguliza ncha mpya.

Hilo linawezekana kwa sababu unyoya wa teria haukui bila kikomo. Hukua, husimama, kisha hufa ukiwa bado umesimama katika kitundu chake. Mbwa wengi wa aina nyingine humwaga manyoya yao mafu kwenye makochi na mazulia mwaka mzima. Teria wa waya huyashikilia. Yanalegea lakini hayaanguki yote, yanarefuka na kusimama ovyo, na mbwa anaanza kuonekana kama aliyelala vibaya. Hapo ndipo huwa yameiva. Yakiachwa, hulisonga tabaka la chini na ngozi hukosa hewa. Yakinyolewa kwa mashine, mashina mafu hubaki ndani ya vitundu, tabaka laini la ndani huzidi kunawiri, na manyoya ya waya huzidi kupotea kila mashine inapopita.

Fundi haanzi kwa kifaa. Anaanza kwa vidole viwili. Anamsimamisha mbwa mezani, anashika manyoya machache ya begani, anavuta kidogo kuelekea upande yanakolalia. Yakitoka bila ngozi kunyanyuka, yameiva. Ngozi ikifuata, bado. Anajaribu tena kiunoni, ubavuni na shingoni, kwa sababu mwili mmoja hauivi wote kwa siku moja. Katika kijiji kimoja cha bonde la Aire nilimwona mama mmoja mtu mzima, fundi wa siku nyingi, akifanya jaribio hilo kwa Border aliyeletwa na mteja aliyekuwa ametoka mbali. Alivuta begani, akavuta kiunoni, akampa mteja kamba ya mbwa wake na kumwambia amrudishe baada ya wiki tatu. Hakumtoza kitu. Mteja alinung'unika, akaondoka, na mama yule akamwita anayefuata. Kinyozi wa mashine hana sababu ya kumrudisha mtu nyumbani, maana mashine hukata kila kinachoota. Fundi wa kunyonyoa anaweza kusema bado, na neno hilo humpotezea pesa kila anapolisema.

Siku ya kazi mbwa haogeshwi kwanza. Sabuni na maji hulainisha manyoya, na manyoya laini huteleza vidoleni. Anachanwa tu kwa brashi na chanuo la chuma, hadi pasiwe na fundo wala mbegu ya nyasi. Fundi anapaka chaki ya unga sehemu atakayoanzia, ili vidole vishike. Wengine huvaa vifuniko vya mpira kwenye kidole gumba na cha shahada. Wengine hutumia jiwe jepesi lenye matundu, la jamii ya lile la kusugulia visigino. Na wengi wana kisu cha kunyonyolea: bapa fupi la chuma lenye meno, limetiwa mpini wa mbao. Jina lake kisu, lakini kikikata kimeharibika. Ndiyo maana kisu kipya, ambacho mara nyingi huja na makali, hutiwa butu kwanza kwa kusuguliwa mchangani au kwenye jiwe, na kisu cha zamani kilicholika hutunzwa kuliko kipya. Kazi yake ni kuyashikilia manyoya yasiponyoke, basi.

Ukitaka kumjua fundi, mtazame mkono. Mkono wa kushoto unaivuta ngozi nyuma kidogo na kuitandaza, isije ikanyanyuka. Mkono wa kulia unanyanyua manyoya kwa upande wa kisu, kidole gumba kinayabana juu ya meno ya chuma, na mkono mzima unavuta kuanzia begani, moja kwa moja, kufuata yalivyolala. Kifundo cha mkono hakipindi. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokosea: wakipinda kifundo, meno ya kisu yanageuka kuwa msumeno, manyoya yanakatika katikati, na kazi iliyodhaniwa ya kunyonyoa inakuwa ni kunyoa kwa njia ndefu. Anayepinda kifundo hupata hasara mara mbili, kwa sababu manyoya yanakatika na kifundo chenyewe kinaanza kuuma. Kila mvuto hutoa manyoya machache na sauti kavu ndogo. Fundi anayaangusha, anabana mengine, anavuta. Anaanza nyuma ya kisogo, anashuka shingoni, mgongoni, mbavuni, bila kuruka mahali, maana kila atakapoparuka patajionyesha baada ya mwezi.

Je, mbwa haumii? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika kuiva kule kule. Unyoya uliokufa hauna tena mshiko wa uhai na ngozi, kwa hiyo kuutoa si sawa na kuung'oa ulio hai. Mbwa aliyezoezwa tangu mdogo, kwa vipindi vifupi, husimama akatulia, na wapo wanaosinzia mezani. Lakini fundi hamwachii mbwa kazi ya kulalamika. Anatazama dalili: mbwa anageuza kichwa kila mkono unapofika mahali fulani, analamba midomo, ngozi inaanza kuwa nyekundu. Hapo fundi anasimama, au anahamia kwingine. Kooni, tumboni, kinenani na karibu na sehemu za siri ngozi ni nyembamba mno, na mafundi wengi hutumia mkasi au mashine huko bila kuona haya. Anayelazimisha manyoya mabichi yatoke humwumiza mbwa kweli, na vitundu huweza kuvimba na kutoa vipele. Wanaosema kazi hii ni ukatili, mara nyingi wameona mkono wenye pupa.

Airedale dume mwenye kimo cha sentimita 58 hadi 61 begani ana eneo kubwa la kunyonyoa. Kumtoa manyoya yote ya mwili huchukua saa nyingi, na fundi mwenye busara huigawa kazi katika siku mbili au tatu, kwa ajili ya mbwa na kwa ajili ya vidole vyake. Kazi hiyo ikiisha, mbwa hapendezi. Amebaki na tabaka la ndani tu, fupi, la rangi ya kufifia, na miguu yenye manyoya marefu chini ya mwili uliopungua ghafla. Asiyejua hudhani ameharibiwa. Baada ya wiki chache ncha mpya zinaanza kutokeza, nyeusi na ngumu, na ukipitisha kiganja kinyume cha yanavyolala yanachoma kidogo. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 mgongo umejaa. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Hapa anangoja mara mbili, manyoya ya zamani yaive na mapya yaote.

Kwa mbwa wa nyumbani inatosha kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Border, ambaye sura yake inapaswa kubaki ya mbwa wa shamba, huishi vizuri kabisa kwa ratiba hiyo. Lakini mafundi wa daraja la juu wana njia nyingine ambayo ndiyo kilele cha ufundi huu. Badala ya kuyatoa manyoya yote kwa mkupuo, kila wiki wanatoa yale marefu kuliko wenzake tu. Baada ya miezi kadhaa mbwa anakuwa na manyoya ya rika tofauti mwilini kwa wakati mmoja: yanayochipuka, yaliyofikia kimo, na yanayokaribia kuisha. Mchumaji buni wa Kilimanjaro atawaelewa, kwa sababu naye hurudi kwenye tawi lile lile akachuma punje nyekundu na kuziacha za kijani. Mbwa anayetunzwa hivyo hana msimu wa kuwa kichekesho. Anabaki vizuri mwaka mzima, ila mwenye mbwa hana wiki ya kupumzika.

Kichwa ni kazi ya peke yake. Kwa foksi teria, fundi huona mstari usiochorwa, unaotoka pembe ya nje ya jicho na kufika pembe ya mdomo. Nyuma ya mstari huo, yaani utosini na mashavuni, manyoya hutolewa yakawa mafupi sana. Mbele yake huachwa marefu, yakachanwa kwenda mbele yawe ndevu. Nyusi huchanwa mbele pia, kisha hupunguzwa kimshazari: fupi upande wa nje wa jicho, ndefu upande wa pua. Matokeo yake ni kichwa kinachoonekana kirefu, chembamba, kilichonyooka. Sehemu ya hatari ni chini ya jicho. Pale huachwa manyoya kidogo ya kujazia; ukiyatoa, uso unabonyea na mbwa anaonekana mgonjwa, na kosa hilo hukaa usoni kwa wiki nyingi. Miguu ya mbele nayo huchanwa kwenda juu, kisha ncha zinazochomoza hutolewa kwa vidole, moja hapa, mbili pale, hadi mguu usimame kama nguzo toka kiwiko hadi unyayo. Mkasi ungeimaliza kazi hiyo mara moja, ukaacha alama za mikato ambazo jicho la mwamuzi wa maonyesho ya mbwa huziona kutoka mbali.

Waamuzi ndio waliosukuma ufundi huu ufike ulipofika. Kennel Club, chama cha wafuga mbwa, kilianzishwa London mwaka 1873. Mwaka 1886 Charles Cruft, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza biskuti za mbwa, aliandaa London maonyesho makubwa ya teria peke yao, na mwaka 1891 akafanya maonyesho ya kwanza ya mbwa wa aina zote yaliyobeba jina lake, huko Islington. Maonyesho ya Crufts yapo hadi leo, na siku hizi hufanyika Birmingham. Mbwa aliyekuwa akipimwa shimoni sasa akawa anapimwa mezani, na mkono ulioandaa manyoya yake ukawa sehemu ya ushindi. Anayejiandaa kwa maonyesho huhesabu siku kinyumenyume. Mgongo na mbavu, ambavyo vinahitaji muda mrefu zaidi kujaa, hunyonyolewa kwanza, kiasi cha wiki 10 hadi 12 kabla. Mabega na mapaja hufuata baadaye. Kichwa, koo na mashavu huja mwishoni. Kila sehemu inaota kwa mwendo wake, na zote zinatakiwa zifike siku moja. Katika maonyesho ya Westminster ya Marekani, foksi teria wa manyoya ya waya wameshinda tuzo kuu mara 15, zaidi ya mbwa wa aina nyingine yoyote, na ushindi wa 15 aliupata mbwa aliyeitwa King mwaka 2019.

Mashuhuri kuliko washindi wote hakuwahi kuhitaji tuzo. Caesar, foksi teria wa Mfalme Edward VII, aliandamana nyuma ya jeneza la bwana wake katika mitaa ya London mwezi Mei 1910, akiwatangulia wafalme waliokuja mazikoni. Mmoja wao alikuwa Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani, ambaye bendera yake wakati huo ilikuwa ikipepea Dar es Salaam, na kutanguliwa na mbwa hakukumfurahisha. Kabla ya hapo karakana ya Fabergé nchini Urusi ilikuwa imemchonga Caesar katika jiwe jeupe lenye macho ya yakuti nyekundu, na mchongaji alihangaika na manyoya hadi jiwe likaonyesha yalivyosimama na yalivyolala.

Kazi ya shimoni imepungua sana. Scotland ilizuia uwindaji wa kutumia mbwa kwa sheria ya mwaka 2002, na England na Wales kwa sheria ya mwaka 2004, ingawa zimebaki ruhusa chache zenye masharti. Teria wengi leo hulala kwenye kochi, na adui wao mkubwa ni mpira wa tenisi. Mtu anaweza kuuliza kuna haja gani ya kuyatunza manyoya ya kazi iliyokwisha. Haja ipo, kwa sababu mvua ya Yorkshire haijabadilika na matope yake hayajapungua. Mbwa mwenye manyoya yaliyotunzwa kwa mkono hurudi matembezini, hukauka upesi, hukung'utwa, basi. Aliyenyolewa hurudi amelowa hadi ngozini, akahitaji kuogeshwa, na kila akiogeshwa manyoya yake yanazidi kulegea.

Hata hivyo fundi mkweli anaujua mpaka wa kazi yake. Mbwa aliyehasiwa, dume kwa jike, mara nyingi huota manyoya ya pamba yasiyoiva vizuri wala kutoka kwa urahisi. Mbwa mzee hawezi kusimama mezani saa nyingi, viungo vinamuuma. Mwenye ugonjwa wa ngozi hapaswi kuvutwa hata unyoya mmoja kabla daktari wa mifugo hajamwona. Wapo pia waliozaliwa na manyoya laini kupita kiasi. Kwa hao wote mashine ndiyo huruma, na anayekazana kuwanyonyoa kwa ajili ya jina la aina yao amesahau kwamba kilicho mezani ni mnyama. Mama yule wa bonde la Aire alikuwa na mashine mbili ukutani, safi, zilizotiwa mafuta, na hakuona kwamba zinamvunjia heshima.

Kati ya unyonyoaji mmoja na mwingine kazi ni ndogo lakini haina likizo. Miguu na ndevu zichanwe mara mbili tatu kwa wiki kwa chanuo la chuma, toka ngozini hadi nchani, maana brashi hupita juu na kuacha mafundo chini. Ndevu zifutwe baada ya chakula, la sivyo zitanuka na kubadilika rangi. Maji na sabuni viishie miguuni, tumboni na usoni inapowezekana, mgongo uachwe mkavu. Mtoto wa mbwa asimamishwe mezani tangu akiwa na miezi michache, avutwe manyoya mawili matatu, apewe zawadi, ateremshwe. Anayengoja hadi mbwa afikishe mwaka atapambana na mbwa mwenye nguvu anayeogopa meza.

Huku kwetu teria wa waya ni wachache, na wengi wako mijini, hasa Nairobi, ambako East Africa Kennel Club husajili mbwa na kuandaa maonyesho. Wenye mbwa hao huwanyoa hadi karibu na ngozi wakisema ni kwa sababu ya joto. Wangefanya vizuri kufikiri upya. Manyoya ya juu yaliyotunzwa huikinga ngozi na jua la mchana, na kinachozuia hewa ni yale mafu yaliyosongamana, ambayo ndiyo hasa mkono huyatoa. Kuna faida nyingine inayotuhusu zaidi. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayeeneza magonjwa ya damu yanayoua mbwa wengi katika nchi za joto, hupenda kujificha masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Vidole vinavyopita mwilini kila wiki vikitafuta unyoya uliolegea vitamkuta kupe kabla hajashiba.

Kwa hiyo, wewe unayefikiria kumchukua mtoto wa teria mwenye manyoya ya waya, usiulize kwanza bei yake. Uliza ni nani atakayemnyonyoa. Kama yupo fundi karibu nawe, mlipe haki yake bila kumlalamikia saa zake, na akikwambia urudi baada ya wiki tatu, rudi baada ya wiki tatu. Kama hayupo, nunua chanuo, chaki na kisu kimoja butu, uanze na begani, manyoya matano kwa mara moja. Na kama huna mkono wala muda, mnyoe kwa mashine kwa moyo mweupe. Atakuwa na afya na atakupenda vile vile, ila ile rangi iliyokufanya umchague usiidai tena.